Hatua Nne Zisizojitosheleza: Mzunguko wa Maisha ya Vipepeo Wanaotegemea Sisimizi katika Mazingira ya Tukuyu na Wilaya ya Rungwe

Ikisiri

Makala haya yanafafanua mzunguko wa maisha ya vipepeo wa familia ya Lycaenidae ambao viwavi wao huishi kwa kutegemea sisimizi. Mazingira yanayozingatiwa ni mashamba ya mikunde yanayouzunguka mji wa Tukuyu na nyasi za milimani katika wilaya ya Rungwe na maeneo jirani. Mifano mikuu ni miwili: kipepeo wa mikunde, Lampides boeticus, ambaye usuhuba wake na sisimizi ni wa hiari, na vipepeo wa jenasi ya Lepidochrysops, ambao hawawezi kukamilisha ukuaji wao nje ya kiota cha sisimizi. Inadaiwa kwamba mchoro wa hatua nne uliozoeleka katika ufundishaji unaficha uhusiano huo, na kwamba istilahi za Kiswahili zinazotumika bila uangalifu zinauficha zaidi. Athari za jambo hili kwa uhifadhi wa nyasi za milimani zinajadiliwa katika sehemu ya mwisho.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi yeyote aliyesoma sayansi katika shule ya msingi nchini Tanzania anaukumbuka mchoro wa duara wenye mishale minne. Juu kuna yai juu ya jani. Kulia kuna kiwavi akila jani lilelile. Chini kuna pupa. Kushoto kuna kipepeo mwenye mabawa yaliyokunjuka. Mwandishi wa makala haya aliuchora mchoro huo mara nyingi na kupata alama zake. Hakuna kosa ndani yake. Hata hivyo, mchoro huo unamwonesha mdudu anayehitaji jani tu ili awe mdudu kamili, na kwa kundi kubwa la vipepeo waliopo Afrika Mashariki picha hiyo si ya kweli.

Kundi hilo ni familia ya Lycaenidae. Pierce na wenzake (2002) wanakadiria kuwa familia hii ina spishi zipatazo 6,000, ambazo ni karibu theluthi moja ya vipepeo wote wa mchana duniani. Miongoni mwa spishi ambazo maisha yake yamechunguzwa tangu yai hadi mdudu kamili, takribani robo tatu zina uhusiano wa namna fulani na sisimizi. Wengi wa vipepeo hawa ni wadogo, mabawa yao yakiwa na rangi ya samawati, kahawia au shaba, nao huruka chinichini kwenye nyasi na vichaka. Kwa sababu ya udogo huo hawavuti macho kama wafanyavyo vipepeo wakubwa wa msituni, na mtu anaweza kulima shamba lake miaka ishirini akipishana nao kila siku bila kuwapa jina.

Kwa upande wa Tanzania, kazi ya msingi ni ya Kielland (1990), ambayo iliorodhesha na kueleza vipepeo wa nchi nzima. Kabla yake, Jackson (1937) alikuwa ameeleza hatua za awali za Lycaenidae kadhaa wa Afrika pamoja na tabia za viwavi wao. Kazi hizo ziliandikwa kwa Kiingereza na kwa ajili ya wataalamu wa wadudu. Msomaji wa Kiswahili anayetaka kujua ni kwa namna gani kiwavi anaweza kuishi miezi mingi chini ya ardhi katikati ya wadudu wanaokula viwavi wengine hana maandishi mengi ya kuanzia, na pengo hilo ndilo makala haya yanalolenga kulipunguza.

2.0 Suala la Istilahi

Kabla ya kueleza mzunguko wenyewe, ni lazima kuamua majina, kwa kuwa katika mada hii jina likikosewa na maelezo nayo hupotoka.

Neno la kwanza lenye utata ni lile la hatua ya pili. Vitabu vya shule hutumia buu, lava na kiwavi kana kwamba ni kitu kimoja. Katika matumizi ya kawaida buu humjia msikilizaji kama mdudu mweupe wa kwenye nyama iliyooza au wa ndani ya embe. Si mdudu anayetembea juu ya ua. Lava ni neno pana linalofaa kwa wadudu wote wanaobadilika umbo kikamilifu, wakiwamo sisimizi wenyewe. Kiwavi ndilo neno mahususi kwa vipepeo na nondo. Katika makala haya, basi, kiwavi ni mtoto wa kipepeo na lava ni mtoto wa sisimizi. Ubainishaji huu utaonekana wa lazima pale itakapoelezwa kwamba mmoja anamla mwingine.

Kiwavi lina tatizo lake pia. Kwa mkulima ni jina la adui: viwavi wenye manyoya wanaowasha ngozi na, tangu mwaka 2017 walipothibitishwa kuingia nchini, viwavijeshi vamizi wa mahindi. Jina hilo likitajwa shambani, wazo la kwanza ni dawa ya kupulizia.

Utata mkubwa zaidi uko upande wa sisimizi. Kiswahili kina majina mengi hapa, na kila moja lina mipaka yake. Siafu ni wale wanaosafiri kwa misafara na kuvamia. Hawana kiota cha kudumu. Majimoto ni wale wekundu wa mitini wanaoshona majani kuwa nyumba, Oecophylla longinoda, wanaojulikana sana na wakulima wa minazi na mikorosho wa pwani na visiwani. Sungusungu ni jina la wale weusi wakubwa wanaouma. Chungu na sisimizi hutumika kwa jumla, chungu likiwa na kawaida zaidi katika baadhi ya maeneo. Mchwa na kumbikumbi si sisimizi kabisa, ingawa katika mazungumzo huchanganywa. Kutokana na mchanganyiko huo, watu husema “kichuguu cha sisimizi”, ilhali kichuguu ni jengo la mchwa. Makala haya yanatumia sisimizi kama jina la jumla la familia ya Formicidae, na kiota kwa makazi yao, yawe ardhini, chini ya jiwe au ndani ya mti.

Uhusiano wenyewe huitwa kitaalamu mirimekofilia. Inapendekezwa hapa neno usuhuba wa sisimizi, kwa sababu usuhuba hauahidi usawa: suhuba anaweza kuwa mwaminifu na anaweza kuwa mnyonyaji, na kama itakavyoonekana, aina zote mbili zipo.

3.0 Umbo la Kiwavi na Viungo vya Usuhuba

Sisimizi ni wawindaji. Kiwavi wa kawaida akikutana na msafara wao hukatwa vipande na kupelekwa kiotani kama chakula. Ili aishi nao, kiwavi wa Lycaenidae ana mwili tofauti. Ni bapa na mfupi, mfano wa konokono asiye na kombe. Kichwa chake hurudishwa ndani chini ya ngozi, na miguu hufunikwa na kingo za mwili. Ngozi yake ni nene kupita kiasi, na Malicky (1970) alionesha kwamba unene huo unaweza kufikia mara ishirini ya ule wa viwavi wengine. Sisimizi akijaribu kuuma, meno yake hayapati pa kushika.

Ngozi nene, hata hivyo, humwezesha tu kustahimili. Viungo vitatu ndivyo vinavyogeuza uadui kuwa usuhuba. Cha kwanza ni tezi ya asali iliyo mgongoni, katika pingili ya saba ya tumbo, ambayo Newcomer aliieleza mwaka 1912. Sisimizi anapomgusagusa kiwavi kwa papasi zake, tezi hiyo hutoa tone la maji yenye sukari na amino asidi, na sisimizi hulinywa papo hapo. Cha pili ni jozi ya vinyweleo-mkono vilivyo katika pingili ya nane. Kiwavi huvichomoza kwa ghafla na kuvirudisha, navyo huwafanya sisimizi walio karibu kuchangamka na kuwa tayari kushambulia chochote kinachosogea. Cha tatu ni vitundu vidogo sana vilivyotapakaa katika ngozi, vinavyotoa kemikali za kuwatuliza sisimizi.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba tone la sukari ni ujira tu: kiwavi analipa, sisimizi analinda. Utafiti wa Hojo na wenzake (2015) kuhusu kipepeo wa Japani, Narathura japonica, umeitia shaka picha hiyo. Sisimizi waliokunywa maji ya tezi ya kiwavi walipungukiwa na dopamini katika ubongo, wakatembea kidogo na kubaki karibu na kiwavi, na wakawa wakali zaidi alipochomoza vinyweleo vyake. Kwa maneno mengine, tone lile linafanana na kileo kuliko mshahara. Mlinzi haachi zamu kwa sababu hawezi tena kuondoka.

Pamoja na hayo, ulinzi unaopatikana ni wa kweli. Pierce na Mead (1981) waliwazuia sisimizi wasiwafikie viwavi wa Glaucopsyche lygdamus huko Colorado, Marekani, na viwavi hao wakashambuliwa kwa wingi zaidi na nyigu na nzi wanaotaga mayai ndani ya miili ya viwavi. Adui anayemfanya kiwavi ahitaji walinzi, basi, si ndege pekee. Ni mdudu mdogo asiyeonekana kwa urahisi, ambaye yai lake moja linatosha kumuua.

4.0 Usuhuba wa Hiari: Kipepeo wa Mikunde katika Mashamba ya Tukuyu

Mfano wa kwanza hauhitaji safari. Lampides boeticus anapatikana Afrika nzima, kusini mwa Ulaya, Asia hadi Australia, na popote penye maharage, kunde, njegere, mbaazi au marejea, naye huwapo. Katika vilima vya Tukuyu, ambako mvua ni nyingi na maharage hupandwa katikati ya migomba na kando ya mashamba ya chai, chakula chake hakikosekani kwa muda mrefu.

Kipepeo mzima ana upana wa mabawa wa takribani sentimita tatu. Dume ana rangi ya zambarau inayoelekea samawati. Jike ni kahawia zaidi. Kwa chini mabawa yana mistari ya mawimbi ya kahawia na nyeupe, na kila bawa la nyuma lina mkia mwembamba kama uzi pamoja na madoa mawili meusi. Anapotua huyasuguasugua mabawa hayo ya nyuma, na mikia ikicheza huonekana kama papasi za kichwa cha uongo. Ndege humdonoa upande huo. Si ajabu kumkuta akiruka vizuri huku kipande cha bawa la nyuma kimenyofolewa.

Jike hutaga yai mojamoja juu ya chipukizi la ua. Yai ni jeupe, bapa, na chini ya lenzi huonekana limenakshiwa kama kifungo cha nguo. Kiwavi akianguliwa hutoboa na kuingia ndani ya ua, kisha ndani ya ganda changa, ambamo hula mbegu. Hapa mkulima humkuta anapopukuchua njegere na kumtupa. Anapokuwa nje ya ganda, au sehemu ya nyuma ya mwili wake inapobaki nje ya tundu, sisimizi humfuata na kunywa katika tezi yake. Huwa ni sisimizi wa jenasi mbalimbali, yeyote atakayekuwa na kiota karibu na shina. Kipepeo huyu hachagui. Wala hawahitaji kwa lazima: viwavi wake hukua vizuri ndani ya sanduku la maabara pasipo sisimizi hata mmoja. Akikomaa hushuka na kugeuka pupa katika majani makavu au nyufa za udongo, na katika hali ya joto mzunguko mzima hukamilika kwa wiki chache, hivyo vizazi kadhaa hufuatana katika mwaka mmoja.

Mfano huu una thamani ya kufundishia kuliko mfano mwingine wowote, kwa sababu kila shule iliyo na bustani ya maharage inaweza kuuona. Mwalimu akiwaambia wanafunzi watafute ua la maharage ambalo sisimizi wanalizunguka bila kuondoka, na walifungue taratibu, mara nyingine watakuta vidukari na mara nyingine watamkuta kiwavi. Mchoro wa hatua nne unaweza kuongezwa mshale mmoja palepale darasani.

5.0 Usuhuba wa Lazima: Lepidochrysops katika Nyasi za Milimani

Mtu akiondoka Tukuyu kuelekea Isongole, migomba hupungua, viazi mviringo huchukua nafasi, na juu zaidi hubaki nyasi fupi zenye maua. Nyasi za namna hii zipo katika mabega ya milima ya Uporoto, katika sehemu za juu za Mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu mita 2,960, na kwa upana zaidi katika uwanda wa Kitulo uliotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Umaarufu wa Kitulo ni okidi zake. Lakini jenasi ya Lepidochrysops, ambayo ina spishi zaidi ya mia moja na zote ni za Afrika, ni ya nyasi kama hizi na ya nyika zenye nyasi, na nyanda za juu za kusini mwa Tanzania ni mojawapo ya maeneo yake.

Maisha ya jenasi hii yalichunguzwa kwanza kwa kina kusini mwa Afrika, na picha iliyopatikana ina sehemu mbili zisizofanana hata kidogo.

Sehemu ya kwanza ni ya juani. Jike hutaga mayai katika machipukizi ya maua ya mimea ya jamii ya kivumbasi na mrehani, kama vile Ocimum, Salvia na Plectranthus, au ya jamii ya mvepe, kama vile Lantana ya asili. Kiwavi akianguliwa hula ua na mbegu changa. Kwa wiki chache za mwanzo anaishi kama kiwavi mwingine yeyote wa Lycaenidae, naye ni mdogo sana. Hujivua ngozi mara mbili.

Baada ya kujivua huko kwa pili, tabia hubadilika. Kiwavi huacha chakula chake, ingawa maua bado yapo, na kushuka ardhini. Tangu hapo hali tena mmea. Anakutana na sisimizi wa jenasi ya Camponotus, ambao ni wakubwa, wengi wao wakitoka usiku, wenye viota ardhini na chini ya mawe. Tezi yake na harufu ya ngozi yake huwafanya wasimuue, naye huishia ndani ya kiota chao. Humo gizani hula mayai na lava wa sisimizi. Karibu uzito wake wote wa utu uzima hupatikana kwa nyama hiyo. Yule aliyeingia akiwa mdogo kuliko punje ya mchele hutoka katika umbo la kipepeo ambaye kwa vipepeo wa samawati ni mkubwa na mnene.

Swali la wazi ni kwa nini sisimizi huvumilia kuliwa watoto wao. Jibu lililo bora zaidi linatokana na jamaa zao wa Ulaya, vipepeo wa jenasi ya Phengaris, ambao waliifikia tabia hiyohiyo kwa njia yao wenyewe. Ngozi ya kiwavi hubeba haidrokaboni zinazoiga zile za lava wa sisimizi, na katika giza la kiota harufu ndiyo kitambulisho. Zaidi ya hapo kuna sauti. Barbero na wenzake (2009) walirekodi milio ya viwavi na pupa wa Phengaris rebeli na kugundua kwamba inafanana na mlio wa malkia wa sisimizi wanaowalea. Vibarua waliosikia milio hiyo walimhudumia mgeni kwa heshima wanayompa malkia. Viwavi na pupa wa Lycaenidae wengi hutoa milio midogo inayopita katika udongo au shina, isiyosikika kwa sikio la binadamu. Hivyo mgeni anayekula watoto wa nyumba huonekana na wenyeji wake kama mtoto wa nyumba, na pengine kama mkubwa wa nyumba.

Pupa hukaa mlemle kiotani. Udanganyifu una kikomo, nacho ni siku ya kutoka. Kipepeo anayechomoza katika pupa hana tezi ya asali. Ni mdudu laini mwenye mabawa yaliyokunjamana, na amezungukwa na wawindaji. Ni lazima atembee kupitia njia za kiota hadi nje, apande juu ya jani la nyasi, na hapo ndipo ayakunjue mabawa na kuyakausha. Katika maisha yote ya kipepeo huyu hapana dakika za hatari kuliko hizo.

Kalenda ya mzunguko huu inafungamana na moto na mvua. Nyasi huungua mwishoni mwa kiangazi, mara nyingi kati ya Agosti na Oktoba. Mimea kama Ocimum obovatum ina shina gumu chini ya ardhi, nayo huchipua na kuchanua mara baada ya moto, kabla nyasi hazijarefuka. Spishi nyingi za Lepidochrysops huruka katika msimu huo wa maua mapya, kizazi kimoja kwa mwaka. Wakati moto unapita juu, kiwavi aliyekomaa au pupa yuko chini, katika kina ambacho moto wa nyasi haufikii. Maelezo kwamba moto huua kila kitu, yanayosikika mara kwa mara katika mikutano ya mazingira, hayamhusu mdudu huyu kwa namna hiyo. Kwake moto unaokuja wakati wake ni sehemu ya kalenda, na unaokuja wakati jike ametaga katika maua ni maangamizi.

6.0 Ngazi za Utegemezi Kwingineko Afrika

Kati ya hiari ya Lampides na ulazima wa Lepidochrysops kuna ngazi nyingi. Katika nyanda za Laikipia nchini Kenya, Martins na wenzake (2013) walieleza maisha ya Anthene usamba, ambaye hutaga kwenye migunga ya Vachellia drepanolobium inayokaliwa na sisimizi Crematogaster mimosae. Kiwavi hujificha na hata kuwa pupa ndani ya nundu zilezile za miiba ambamo sisimizi wanaishi. Katika misitu, kundi la Liptenini lina viwavi wanaokula kuvu-mwani na mwani wa magome ya miti, wengi wao wakifuata miti yenye viota vya Crematogaster. Viwavi wa Euliphyra wamekwenda mbali zaidi: huishi ndani ya viota vya majimoto na kulishwa na sisimizi mdomo kwa mdomo kama makinda. Mgawanyo wa Cottrell (1984) baina ya viwavi wanaokula mimea na wasiokula mimea bado unasaidia kuzipanga tabia hizi, ingawa Lepidochrysops anasumbua mgawanyo huo kwa kuwa yuko pande zote mbili kwa zamu.

7.0 Kinachopotea Sisimizi Wasipotajwa

Kuna kisa kimoja cha Uingereza ambacho mtafiti wa nyasi za Rungwe hapaswi kukipita. Phengaris arion alikuwa akipungua nchini humo kwa miongo mingi. Ilifahamika tangu mwaka 1915 kwamba kiwavi wake hula lava wa sisimizi, na mmea wake ulijulikana pia. Wahifadhi wakaweka uzio katika maeneo yake ili kuzuia wakusanyaji na mifugo. Vipepeo wakaendelea kufa, na mwaka 1979 walitangazwa kutoweka. Jeremy Thomas aligundua sababu ikiwa imechelewa: spishi moja tu ya sisimizi, Myrmica sabuleti, ndiyo iliyoweza kumlea kiwavi kwa mafanikio ya kutosha, na sisimizi huyo anahitaji udongo wenye joto, yaani nyasi zilizoliwa zikawa fupi sana. Sungura walikuwa wamepukutishwa na ugonjwa katika miaka ya 1950, mifugo imezuiwa na uzio, nyasi zikarefuka, udongo ukapoa, na sisimizi wa spishi nyingine wakachukua nafasi. Mmea ulikuwapo, maua yalikuwapo, sisimizi kwa jumla walikuwapo. Baada ya malisho kurudishwa, kipepeo aliletwa tena kutoka Sweden kuanzia mwaka 1983, na amestawi (Thomas na wenzake, 2009).

Kisa hicho hakiwezi kuhamishiwa Rungwe jinsi kilivyo, kwa kuwa moto na mvua za hapa ni tofauti na malisho ya Uingereza. Lakini kinaonesha ni wapi pa kutazama. Nyasi za milimani katika wilaya hii na jirani zake zinabadilishwa kwa njia tatu zinazogusa udongo moja kwa moja. Kuna jembe linalopanda juu kwa ajili ya viazi. Kuna misindano na mikaratusi inayopandwa katika nyasi kwa dhana kwamba ardhi isiyo na miti ni tupu. Kivuli chake huipoza ardhi kama zilivyofanya nyasi ndefu za Uingereza. Na kuna uchimbaji wa viazi vya okidi kwa ajili ya chakula kiitwacho chikanda huko Zambia, biashara ambayo Davenport na Ndangalasi (2003) waliikadiria kufikia mamilioni ya viazi kwa mwaka kutoka nyanda za juu za kusini. Uchimbaji huo umejadiliwa sana kwa sababu ya okidi. Anayechimba hupindua udongo na mawe yaleyale ambamo Camponotus huweka viota vyake, na upande huo wa hasara hauhesabiwi popote.

Msitu wa Mlima Rungwe una watetezi. Nyani aina ya kipunji, aliyegunduliwa mwaka 2003 na kuelezwa kisayansi mwaka 2005, aliuletea umaarufu, na mwaka 2009 msitu huo ulipewa hadhi ya hifadhi ya mazingira asilia. Nyasi zilizo nje ya Kitulo hazina kipunji wake. Orodha za spishi zinazoandaliwa kwa ajili ya tathmini za mazingira huwa na safu ya mimea, ya ndege, ya mamalia na, zikiwa nzuri, ya vipepeo. Safu ya sisimizi ni nadra. Kwa Lepidochrysops, orodha yenye mmea na kipepeo bila sisimizi haimwezeshi msomaji kujua kama vipepeo walioonekana ni watoto wa mahali hapo au ni wa mwisho kuruka.

Kwa hiyo makala haya yanapendekeza kwamba katika utafiti wa nyanjani unaofanywa kwa Kiswahili, rekodi ya kipepeo yeyote wa Lycaenidae iambatane na mambo manne ya ziada: mmea ambao jike alionekana akitaga, jenasi ya sisimizi waliopo ndani ya hatua chache kutoka mmea huo, urefu wa nyasi, na tarehe ya moto wa mwisho. Hakuna kati ya hayo linalohitaji maabara. Sisimizi wachache hutosha katika kichupa cha spiriti kwa utambuzi wa baadaye, urefu wa nyasi hupimwa kwa rula, na tarehe ya moto wanaijua vizuri zaidi wachungaji wa mahali hapo, ambao mara nyingi ndio wanaoulizwa mwisho.

Katika shule, marekebisho ni madogo zaidi. Kati ya kiwavi na pupa katika mchoro wa duara, achorwe sisimizi.